Sifuri ya simu na mawe ya kichwa cha sangara

Ilikuwa Jumanne ya wiki ya nne, saa nne asubuhi, ukumbi umejaa mpaka kwenye ngazi. Niliwauliza wanafunzi wangu wa fizikia mwaka wa kwanza swali ninalouliza kila mwaka: ukirusha jiwe wima kwenda juu, likifika kileleni kabisa, kabla halijaanza kurudi, mchapuko wake, yaani jinsi kasi yake inavyobadilika kila sekunde, ni kiasi gani? Majibu manne yalikuwa ubaoni. Kila mtu alijibu kwa vidole, mkono ukiwa kifuani ili jirani asichungulie: kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili, na kuendelea. Nikapitisha macho safu kwa safu. Zaidi ya nusu walikuwa wameweka vidole viwili. Sifuri.

Siwalaumu. Kasi ya jiwe pale juu kweli ni sifuri, na ni rahisi mno kudhani kwamba kisichokwenda hakina mchapuko. Na mimi nilijibu hivyohivyo nikiwa na umri wao. Nilipewa fomula, nikaikariri, nikafaulu, na kosa likabaki kichwani mpaka nilipoanza kufundisha. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa namna ambayo lingejitokeza.

Nikawaambia, "Haya, mgeukie jirani. Mshawishi."

Kozi yetu inafundishwa kwa Kiingereza. Nikisimama mbele nauliza kwa Kiingereza, najibiwa kwa Kiingereza, na mara nyingi najibiwa na walewale watano. Lakini mtu akiambiwa amshawishi mwenzake, Kiswahili kinatoka chenyewe. Ule ukumbi uliokuwa kimya ukaanza kuvuma kama soko la Mwanjelwa siku ya Jumamosi. Nilikuwa natembea katikati ya viti nikamsikia binti mmoja wa safu ya tatu akimwambia jirani yake, "Sasa kama kasi ni sifuri, na mchapuko nao ni sifuri, nani atalishusha? Si lingebaki pale juu linaning'inia kama taa?" Jirani alifungua mdomo, akaufunga, akaangalia dari. Nilisimama pale sekunde chache bila kusema kitu, kwa sababu nilichokuwa nakiona ndicho kilichonileta kwenye kazi hii.

Baada ya dakika tatu nikauliza tena. Wengi walikuwa wamehama: mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde, kuelekea chini, njia nzima, kileleni kukiwemo.

Mbinu hii si yangu. Eric Mazur, mwanafizikia wa Harvard, alianza kuitumia mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kugundua kwamba wanafunzi wake waliweza kukokotoa maswali marefu ya mitihani, lakini wakiulizwa jambo la msingi kwa maneno ya kawaida wanakwama. Wengine huitumia kwa vifaa vya kubonyeza vyenye kompyuta inayojumlisha majibu. Sisi tunatumia vidole, na vidole vinatosha.

Ningeweza kuishia hapo na kipindi kingekuwa kizuri. Lakini nilikuwa nimekuja na simu.

Ni simu yangu ya zamani, kioo kimepasuka kona. Nina programu inaitwa phyphox, iliyotengenezwa na wanafizikia wa chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ikatoka mwaka 2016. Ni ya bure, na kazi yake ni kukuruhusu kusoma vihisi vilivyomo ndani ya simu: kile kinachopima mchapuko, kipaza sauti, kihisi cha sumaku, cha mwanga. Inaweza pia kuonyesha grafu yake kwenye kompyuta iliyo kwenye mtandao uleule wa ndani, kwa hiyo niliunganisha simu na laptop kwa hotspot bila kutumia bando hata kidogo, na grafu ikawa ukutani kila mtu anaiona. Nikaifunga simu kwenye kanga mikunjo minne. Wanafunzi wanne wakashika shuka pembe nne. Nikarusha.

Grafu ilipanda ghafla wakati mkono unasukuma, kisha ikaanguka mpaka chini kabisa na kutulia pale kwa muda mfupi, kisha ikaruka tena simu ilipogonga shuka. Ule muda ilipokuwa hewani ilisoma karibu na sifuri.

Ukumbi ukalipuka. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye tangu muhula uanze sikuwahi kusikia sauti yake, alisimama. "Madamu, simu imesema sifuri. Tulikuwa sahihi."

Nakiri kwamba neno la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa "kaa chini, nitaeleza." Nililimeza. Kila ninapotaka kusema hivyo namkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado moto, na yakawahi kuganda kuliko yaliyokuwa yamepoa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, mwalimu akaiita ile "fizikia ya Mpemba", na wenzake wakawa wanamtania. Hapohapo Mkwawa alimuuliza mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi Dar, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kuhusu jambo lile, wapo waliorudia vipimo kwa uangalifu mkubwa na hawakuona kitu. Kwangu hilo halipunguzi lolote. Kijana aliuliza alichokiona, na mtu mmoja mwenye maabara akalichukua swali lake kwa uzito.

Basi nikamwambia yule kijana aje mbele. Nikampa simu. "Iweke mezani. Inasoma ngapi?"

"Tisa nukta nane."

"Inakwenda popote?"

"Haiendi."

Akanyamaza. Darasa likanyamaza naye. Kitu kilichotulia mezani kinasoma 9.8, kitu kinachoanguka kinasoma sifuri. Aliitazama grafu ukutani muda mrefu, akanyoosha kidole. "Halafu, mbona ni sifuri njia nzima? Sisi tulisema sifuri kileleni tu."

Hapo ndipo somo langu lilipoanza, na alilianzisha yeye.

Nikachora. Ndani ya kile kihisi kuna kipande kidogo cha silikoni, hakifiki hata milimita moja, kimeshikwa na springi nyembamba sana. Simu ikisukumwa, kile kipande kinabaki nyuma kidogo, springi zinakunjika, na umeme unapima zimekunjika kiasi gani. Simu ikiwa mezani, meza inaisukuma juu, kipande kinalalia springi zake, kwa hiyo kinasoma 9.8. Ukiiachia ianguke, simu na kipande vinaanguka pamoja, hakuna anayemlalia mwenzake, springi zinanyooka: sifuri. Simu haikudanganya. Ilijibu swali tofauti na lile tulilodhani tumeiuliza. Einstein alilitazama jambo hilihili mwaka 1907, alipomfikiria mtu anayeanguka kutoka juu ya nyumba na kuona kwamba mtu huyo hausikii uzito wake. Nililisema hilo kwa kupita tu. Wanafunzi walikuwa bado wanaikodolea macho ile simu.

Siku mbili baadaye tulihamia maabara, kupima wenyewe mchapuko wa mvutano. Hapa nieleze vifaa, kwa sababu wenzangu wengi huniuliza, na wakisikia jibu huwa wanatulia. Rula ya mbao, nusu yake ikiwa juu ya kabati na nusu imetokeza nje. Nati nzito ya bolti juu ya ile ncha iliyotokeza. Mwiko. Sinia sakafuni. Simu katikati, phyphox ikiwa kwenye saa yake ya sauti, ambayo huanza kuhesabu ikisikia mlio wa kwanza na kusimama ikisikia wa pili. Unaipiga rula kwa mwiko kutoka ubavuni: paa! Rula inachomoka, nati inaanguka, inagonga sinia. Kutoka urefu wa mita 1.50, simu inakuambia kitu kama sekunde 0.554.

Nilipoanza nilitaka watumie pendulamu, simu ikibembea ndani ya soksi, na programu isome kwa jairoskopu, kihisi kinachopima mzunguko. Haikufaa. Simu nyingi za bei nafuu wanazotumia wanafunzi wetu zina kihisi cha mchapuko, lakini hazina jairoskopu. Kipaza sauti kila simu inacho. Programu yenyewe walirushiana kutoka simu kwa simu, mmoja tu ndiye aliyetumia bando lake kuipakua, nami nikamrudishia. Tuko vikundi vya watu sita, na kikundi kinahitaji simu moja tu, ili asiye na simu janja asihesabiwe kuwa pungufu. Hilo nalisimamia kwa ukali. Kila mmoja anapiga mwiko, kila mmoja anasoma namba, na mwenye simu haruhusiwi kuishika wakati wa zamu ya mwenzake.

Kikundi kimoja kilikaa kona kikibishana kwa sauti ya chini. Nikaenda. Walikuwa wamepata 9.77 kwa wastani wa mara kumi, na mmoja alikuwa anafuta daftari kwa kifutio. Nikamuuliza anafuta nini. "Kitabu kinasema 9.81, madamu. Tumekosea."

Nilimshika mkono. Namba ya 9.81 ni ya nchi kama Uingereza. Dunia imetuna kiunoni na inazunguka, kwa hiyo karibu na ikweta mvutano ni mdogo kidogo, na sisi huku Mbeya tuko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ukikokotoa kwa latitudo yetu na mwinuko wetu unapata karibu 9.78. Binti aliyesoma jiografia kidato cha sita ndiye aliyewaeleza wenzake habari ya dunia kutuna, na alieleza vizuri kuliko mimi. Kisha swali likawa gumu zaidi, nami nikaliacha liwe gumu: je, saa yetu ya sauti na futi yetu ya fundi cherehani zinaweza kweli kutofautisha 9.78 na 9.81? Wakajaribu. Wakikosea urefu kwa milimita tano tu, tofauti yote imemezwa. Wakapima urefu upya, mara nne, kuanzia chini ya nati hadi juu ya sinia. Walichelewa chakula cha mchana na hakuna aliyelalamika.

Nafundisha watu watakaokuwa walimu wa sekondari. Kila ninapomwona mwanafunzi anafuta alichokipima ili kilingane na kitabu, naumia, kwa sababu najua miaka mitatu ijayo atasimama mbele ya watoto hamsini na kuwafundisha kufuta.

Sasa nije kwenye vichwa vya samaki.

Mwenzangu wa baiolojia alisikia habari ya simu kwenye kanga tukiwa tunakunywa chai. Alinisikiliza nikichora kile kipande cha silikoni na springi zake juu ya karatasi ya maandazi, akasema, "Dada, hiyo umenichorea sikio." Sikumwelewa. Akaeleza. Ndani ya sikio, mbali na sehemu ya kusikia, kuna vifuko viwili vyenye seli zenye vinyweleo, juu yake kuna utando kama jeli, na juu ya jeli kuna punje ndogondogo za kalsiamu kaboneti. Ukiinamisha kichwa au gari likiondoka ghafla, punje zinabaki nyuma, jeli inavutika, vinyweleo vinapinda, ubongo unapata habari. Uzito na springi. Kile kilichomo ndani ya simu tumezaliwa nacho.

Tuliomba kipindi kimoja cha pamoja, fizikia na baiolojia, na mwalimu wa kemia akajiunga tulipomwambia kuhusu kalsiamu kaboneti. Kuipanga ratiba kulikuwa kugumu kuliko somo lenyewe, sitaki kulieleza.

Punje za binadamu ni ndogo mno kuonekana hivihivi, lakini samaki wana mawe kamili, na samaki mkubwa ana mawe makubwa. Mwenzangu alinunua vichwa kumi na viwili vya sangara sokoni. Mama muuza samaki alitaka kujua ni sherehe gani. Tulipasua fuvu kwa kisu, kuelekea nyuma ya ubongo, na wanafunzi wakachomoa kwa kibano: jiwe jeupe, limepinda kidogo, lina mistari. Nimeishi miaka yote nikila supu ya kichwa cha sangara na sikuwahi kujua kwamba lile linalogonga jino ni kipimamchapuko. Mwenzangu akalivunja moja na kuliweka chini ya hadubini, akaonyesha pete ambazo wataalamu wa uvuvi huzihesabu kukadiria umri wa samaki. Mwalimu wa kemia akadondosha asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kwenye kipande, kikatoa mapovu, na akawauliza ni gesi gani. Kaboni dayoksaidi, wakasema. Akadondosha kwenye ganda la yai. Mapovu yaleyale. Kwenye kipande cha tumbawe alichokuja nacho kutoka Tanga. Mapovu yaleyale.

Binti mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama punje hizo zinaweza kutoka mahali pake. Mwenzangu akamwambia ndiyo, zikiponyoka na kuingia kwenye mifereji ya sikio la ndani, mtu anapata kizunguzungu kikali akigeuka kitandani, na inatokea zaidi kwa watu wazima. Binti akasema, "Bibi yangu." Akaandika. Mwenzangu akamweleza kwamba daktari anaweza kuzirudisha kwa kumgeuzageuza mgonjwa kichwa kwa mpangilio maalumu, na kwamba kwanza apelekwe hospitali apimwe, asifanyiwe nyumbani kwa kubahatisha.

Kuna mkuu mmoja aliniuliza, kwa nia njema naamini, kama haya yote hayapotezi muda wa muhtasari. Nilimpa makala ya mwaka 2014 ya Scott Freeman na wenzake, waliokusanya tafiti 225 za ufundishaji wa sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni: kwenye madarasa ya mhadhara mtupu wanafunzi wanaofeli walikuwa asilimia 33.8, kwenye madarasa ambayo mwanafunzi anashughulishwa walikuwa asilimia 21.8. Alisoma. Akaniambia niendelee, ila mtihani ubaki kama ulivyo. Hilo bado linaniumiza. Huwezi kumfundisha mtu kujadili halafu ukampima kwa kukariri, na wanafunzi wanaliona mapema kuliko sisi. Kwa sasa ninachoweza ni alama za majaribio ya kawaida: theluthi moja natoa kwa daftari la maabara, na daftari lenye kipimo kilichofutwa nalirudisha.

Sina ugomvi na vifaa vya gharama. Niliwahi kufundisha mahali palipoletwa ubao wa kielektroniki wa bei kubwa, tukapewa mafunzo ya alasiri moja, na mwaka uliofuata ukafunikwa kitambaa kwa sababu kalamu yake ilipotea. Ninatumia pia uigaji wa kompyuta wa PhET, ule mradi alioanzisha Carl Wieman huko Colorado mwaka 2002. Nimeupakua kwenye flashi na unafanya kazi umeme ukiwepo au laptop ikiwa na chaji. Nautumia kwa yale tusiyoweza kushika: elektroni, uga wa umeme, molekuli za gesi. Kwa nati inayoanguka, nitatumia nati.

Mwisho wa kipindi cha samaki, wakati tunaosha meza na chumba kinanuka mpaka korido, yule kijana wa sifuri alinifuata akiwa na jiwe lake la sangara ndani ya karatasi.

"Madamu, wale watu wanaokaa angani kwenye chombo, si wanaanguka muda wote? Kuizunguka dunia ni kuanguka."

"Ndiyo."

"Basi simu yao inasoma sifuri muda wote."

"Ndiyo."

"Na masikio yao?"

Nilimwita mwenzangu wa baiolojia, akaja na mikono yenye sabuni. Akasema wengi wao hupata kichefuchefu siku za mwanzo, wengine hata hutapika, kisha ubongo unazoea. Kijana akafikiri. "Unazoeaje? Unaacha kuyasikiliza mawe, au unayasikiliza kwa namna nyingine? Na samaki je, akipelekwa kule, ataogelea akijua juu ni wapi?"

Tuliangaliana, mimi na mwenzangu. Nikachukua chaki nikaliandika swali lote ubaoni kama alivyolisema, kwa Kiswahili, nikaweka alama ya "usifute". Jumanne tunaanza nalo, na nimeshamwomba mama wa sokoni vichwa vingine ishirini.